Tujitolee Kuwafundisha Vijana Wetu Hisabati

(Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa na mmoja wa wazee wetu, karani mstaafu wa ghala, katika mkutano wa wazazi na vijana uliofanyika msikitini baada ya Sala ya Alasiri. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu wote. – Mhariri)

Mheshimiwa Mwenyekiti, masheikh na walimu wetu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango,



Nimeombwa nizungumze nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni kazi ya serikali na walimu peke yao, nalo ni kumsaidia kijana wa sekondari katika masomo yake. Na katika masomo hayo nimechagua moja tu, yaani Hisabati, kwa sababu ndilo linalowaangusha watoto wetu wengi kuliko mengine yote, na kwa sababu ndilo ambalo sisi watu wazima tukitajiwa hucheka na kusema, "Ah, hilo mimi nililiacha shuleni."

HALI ILIVYO

Ndugu zangu wapendwa, yafaa kwanza tuitazame hali kama ilivyo. Katika matokeo ya Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne ya mwaka 2021 na ya mwaka 2022, kati ya kila watahiniwa 5 waliofanya Hisabati, aliyefaulu ni takriban 1 tu. Mwaka 2023 hali ilipanda kidogo, ikawa kama robo. Maana yake ni kwamba hata katika mwaka huo ulio bora, robo tatu ya vijana wote walitoka mikono mitupu katika somo hili. Na tukumbuke kwamba alama ya kufaulu si 80 wala 50. Anayepata alama 30 katika 100 amepata daraja D, naye amehesabiwa kuwa amefaulu. Hivyo basi, wengi wa watoto wetu hawakufikisha hata theluthi.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu walimu. Tangu ulipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kila mahali, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa mpaka Kidato cha Nne. Hayo ni mambo ya heri, kwani watoto ambao zamani wangebaki nyumbani sasa wanavaa sare na kwenda shule. Lakini madarasa hujengwa kwa miezi, na mwalimu wa Hisabati huchukua miaka kumwandaa. Mwalimu mmoja aliye mbele ya vijana wengi hawezi kusimama kando ya kila dawati na kuuliza, "Wewe mwanangu, umekwama wapi?"

Iko sababu nyingine ambayo hatuitilii maanani. Mtoto husoma Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi. Anaijua MAGAZIJUTO, kwamba aanze na mabano, kisha agawanye, azidishe, ajumlishe, atoe. Anaijua KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika. Akifika Kidato cha Kwanza, mambo yale yale aliyoyazoea humjia kwa Kiingereza na kwa majina mapya, naye hudhani kuwa ni elimu ngeni ambayo hakupata kuisikia. Siku ile anayoona haya kuuliza ndiyo siku anayoanza kuachwa. Na Hisabati ni kama ukuta wa matofali: anayekosa tofali la chini hawezi kujenga la juu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

UDHURU WA KUSAHAU

Sasa nikimwambia mtu mzima, "Ndugu yangu, chukua kijana mmoja umsaidie," jibu ninalolipata mara nyingi ni hili: "Mzee, mimi mwenyewe nimekwisha sahau." Jibu hili ni la kweli, wala simkatalii anayelitoa. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1976. Katika kazi yangu ya ghala nilitumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha na asilimia. Logarithimu sikupata kuzitumia hata siku moja, na jometri ya duara ilinitoka kabisa. Lakini nasema kwamba kusahau nusu si udhuru wa kutosha, na nitatoa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kilichosahauliwa si sawa na kisichojulikana. Mtu aliyewahi kupita njia, hata kama imeota majani, miguu yake huikumbuka akianza kutembea. Nilinunua kitabu cha Kidato cha Kwanza, nikawa nasoma kila usiku sura moja. Sura ambayo zamani ilinichukua wiki tatu darasani, niliimaliza kwa siku mbili au tatu.

Sababu ya pili ni kwamba anayekumbuka upya hujua mahali penye ugumu. Bingwa wa somo amekwisha sahau kwamba palikuwa na ugumu, kwa hiyo huruka hatua mbili na kumwacha kijana nyuma. Lakini mtu aliyevuka jana usiku, leo jioni bado anakumbuka jiwe lililomkwaza.

Sababu ya tatu tumekwisha kuiona katika nchi yetu wenyewe. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baada ya hapo ikaja kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika nchi nzima. Katika miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua walikuwa kama 1 katika 10. Je, ni nani waliofundisha? Hawakuwa walimu wenye vyeti peke yao. Wengi walikuwa wananchi wa kawaida, na miongoni mwao vijana waliomaliza darasa la saba tu, walioketi chini ya miembe na kumfundisha aliyejua kidogo kuliko wao. Taifa hili lilijifunza kusoma kwa msaada wa watu waliojua nusu. Sisi leo tunashindwaje?

KIJANA WA JIRANI

Niruhusuni nitoe mfano. Kijana mmoja wa jirani yangu alikuwa Kidato cha Nne. Mama yake anauza maandazi asubuhi. Katika mtihani wa moko alipata alama 9 katika Hisabati, na akamwambia mama yake kwamba hana haja ya kuufanya mtihani wa mwezi wa Novemba, bali atakwenda kuwa utingo. Mama akaja kwangu, si kwa sababu mimi ni mwalimu, bali kwa sababu alikuwa akiniona nimevaa miwani na nimeshika kitabu.

Jioni ya kwanza sikufungua kitabu cha Kidato cha Nne. Nilimwandikia maswali madogo 10 katika karatasi: kuzidisha, sehemu, desimali, namba hasi, asilimia. Nilitaka kujua ufa uko wapi. Akapata 4. Katika swali la nusu kujumlisha theluthi aliandika sehemu mbili za tano, yaani alijumlisha za juu kwa juu na za chini kwa chini. Sikumwambia kuwa amekosa. Nilimwuliza, "Mama yako amekupa nusu ya chapati. Kisha akakuongezea theluthi. Sasa una nyingi zaidi au pungufu?" Akasema, "Nyingi zaidi." Nikamwuliza, "Sehemu mbili za tano ni zaidi ya nusu au ni pungufu?" Akafikiri, akachora, akacheka. Aliongezewa chapati akaishia na pungufu ya ile aliyokuwa nayo! Kuanzia hapo KDS ikarudi yenyewe: nusu ni sehemu tatu za sita, theluthi ni sehemu mbili za sita, jumla ni sehemu tano za sita. Kijana yule alikuwa na akili timamu. Alikosa mtu wa kuketi naye dakika 20.

Vivyo hivyo kwa namba hasi. Alikuwa amekariri kwamba hasi mara hasi ni chanya, lakini hakujua kwa nini. Nilimwambia: deni la shilingi 300 dukani ni hasi 300. Ukiwa na madeni mawili ya namna hiyo, na mwenye duka akayafuta yote mawili, wewe umepata au umepoteza? Akajibu kwamba amepata 600. Basi, kuondoa madeni mawili ya 300 ni hasi 2 mara hasi 300, na jibu ni chanya 600. Na kwa logarithimu ambazo mimi mwenyewe nilizihofu, tulianza na mia mara elfu. Mia ina sifuri 2, elfu ina sifuri 3, jibu lina sifuri 5. Tumejumlisha badala ya kuzidisha, nayo ndiyo siri yote ya logarithimu. Ule ukurasa wa majedwali ni msaada wa kuifanya kazi hiyo hiyo kwa namba zisizokuwa nyoofu.

Kisha tukakaa na muundo wa mtihani wenyewe. Katika miaka ya karibuni karatasi ya Hisabati imekuwa na maswali 14: sehemu ya kwanza maswali 10 yenye jumla ya alama 60, na sehemu ya pili maswali 4 yenye alama 40. Tukapiga hesabu pamoja kwamba anayeyajibu vizuri maswali 5 tu ya sehemu ya kwanza amekwisha kupata alama 30. Hesabu hiyo ndogo ilimpa kijana matumaini kuliko nasaha zangu zote. Tangu siku ile hakutaja tena habari ya utingo.

Hakupata A, ndugu zangu. Alipata D. Lakini D ile ilikuwa ni cheti badala ya kutokuwa na cheti, na leo yuko chuo cha ufundi anajifunza umeme. Wa pili niliyemsaidia alikuwa binti, naye Hisabati alipata F, ingawa masomo mengine alifaulu. Simfichi mtu jambo hili, kwa sababu anayejitolea akidhani kila atakayemgusa atafaulu, atakata tamaa mwaka wa kwanza. Binti yule amejiandikisha kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na bado anakuja kila Jumamosi. Anakuja kwa hiari yake, na kwangu hiyo ni dalili njema.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Vijana wengine husema kwamba Hisabati ni elimu ya watu wa mbali. Yafaa wajue kwamba jina la aljebra limetokana na kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi mjini Baghdad katika karne ya 9, wakati wa Khalifa al-Maamun. Neno al-jabr lina maana ya kuunga kilichovunjika, na Waarabu hulitumia pia kwa kuunga mfupa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikiandika kwa ajili ya mahitaji ya watu katika mirathi, wasia, biashara na kugawana mali. Yaani aljebra iliandikwa ili watu wasidhulumiane.

Na hapa msikitini tunaiona haja hiyo. Mtu amefariki akaacha mke, mama, na watoto wa kiume na wa kike. Mke anapata thumuni, mama anapata sudusi. Je, watoto wanagawana kiasi gani? KDS ya 8 na 6 ni 24. Thumuni ni 3 katika 24, sudusi ni 4 katika 24, jumla 7. Zimebaki 17 katika 24 kwa watoto. Kijana anayeweza hesabu hii anaweza kumtetea mama yake mjane siku ya kugawa mirathi. Na tazameni utajiri wa lugha yetu: nusu, theluthi, robo, sudusi, thumuni, ushuri. Babu zetu walikuwa na majina ya sehemu hizi katika vinywa vyao kabla shule hizi hazijajengwa.

Al-Khwarizmi huyo alitatua pia swali ambalo vijana wa sekondari hulikuta katika milinganyo ya kipeo cha pili, naye alilitatua kwa mchoro. Kuna mraba ambao eneo lake, likijumlishwa na mara 10 ya upande wake, linakuwa 39. Upande ni ngapi? Chora mraba mchangani. Ile 10 igawe mara mbili, 5 na 5. Ongeza ukanda wenye upana wa 5 upande wa kulia, na mwingine upande wa chini. Utaona umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila limepungukiwa na kona moja ya 5 kwa 5, yaani 25. Jaza kona hiyo: 39 na 25 ni 64. Mraba wa 64 una upande wa 8. Toa ile 5 uliyoiongeza, imebaki 3. Hakiki: 3 mara 3 ni 9, mara 10 ya 3 ni 30, jumla 39. Kijana akiliona hili mara moja kwa macho yake, ile kanuni ndefu ya kitabuni haimtishi tena.

ADABU ZA KAZI HII

Wapenzi wasikilizaji, anayetaka kujitolea ashike mambo haya matano.

Kwanza, azungumze na mzazi kabla ya kuzungumza na kijana, na wakubaliane siku na saa. Mara mbili kwa wiki, dakika 45, zinatosha. Muda ulio baina ya Magharibi na Isha unafaa sana, wala hauharibu kazi ya mtu.

Pili, wakae mahali pa wazi: barazani, ukumbini au hapa msikitini. Mabinti wafundishwe na akina mama, au pawepo na mtu mzima wa familia. Mke wangu hukaa nasi barazani kila binti yule anapokuja, na siku hizi naye anaijua Kanuni ya Pythagoras.

Tatu, asichukue malipo, wala asikubali kutumwa zawadi. Tuisheni ya kulipia ipo na wenye uwezo waifuate. Sisi tunawatafuta wale ambao nauli ya daladala ni mtihani kwao.

Nne, asimwaibishe kijana. Kijana wa miaka 16 asiyejua mara 7 yu tayari kuacha shule kuliko kuonekana na wadogo zake kwamba hajui. Usimwulize mbele ya watu, usimlinganishe na mwingine, na fimbo iache mbali kabisa.

Tano, asipojua aseme, "Hili silijui, hebu tulitafute." Mimi hulisema neno hili karibu kila wiki. Kijana akimwona mzee wa miaka 60 na zaidi anafungua kitabu, anakuna kichwa na kujaribu tena, amepata somo ambalo halimo katika mitaala yoyote, yaani kwamba kutojua si aibu, na kwamba hutibiwa kwa kazi.

WITO

Ndugu zangu, katika safu hizi mbele yangu namwona fundi seremala, ambaye hupima pembe kila siku. Namwona mama mwenye duka, anayekokotoa faida kwa asilimia bila kikokotoo. Namwona mpimaji ardhi mstaafu, muuguzi anayehesabu vipimo vya dawa, na fundi cherehani anayejua mzingo wa duara kuliko alama yoyote ya mtihani. Sote tuna kitu. Na kule mlangoni nawaona vijana kama 12 ambao mwezi wa Novemba watakaa katika chumba cha mtihani, kila mmoja peke yake na karatasi yake.

Siwaombi fedha, wala siwaombi tuunde kamati. Naomba kila mtu mzima anayeweza, baada ya mkutano huu, amfuate kijana mmoja tu na mzazi wake, awaulize, "Umekwama wapi?" Kisha apite dukani anunue kitabu cha zamani na mitihani ya miaka iliyopita, aanze kusoma usiku huu huu. Atakapofika mahali alipokwama, asione haya kuja kwangu. Tutakwama pamoja, na tutatafuta njia pamoja.

Nanyi vijana, msitusubiri tuwafuate. Kuuliza si ujinga. Mzee atakayeulizwa swali na kijana hawezi kulala kabla hajalitafutia jibu, nawahakikishieni.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awafungulie vijana wetu vifua vyao, na atujaalie sisi wazee tusiondoke duniani na kile tulichojua bila kukiacha mikononi mwa walio nyuma yetu. Amin.

Wassalaam Alaikum Warahmatullahi Wabarakatuh.